Tano Bora Zangu za Ghibli, Nikiwa Witeithie

Kila msee anayependa anime ana orodha yake ya Ghibli, na orodha nyingi zinafanana kama ploti za Thika Road: Spirited Away juu, Totoro inafuata, Howl's Moving Castle haiko mbali. Yangu nimeipanga kwa swali moja. Filamu hii inamwambia nini mtu aliyelelewa kwenye keja ya kupanga, katika mtaa ambao hakuna anayeutaja akiulizwa kwao ni wapi?

Kwanza studio yenyewe. Ilianzishwa mwaka 1985 na waongozaji Hayao Miyazaki na Isao Takahata, pamoja na mtayarishaji Toshio Suzuki. Jina lilitoka kwa ndege ya kivita ya Kiitaliano, nayo ndege iliitwa kwa jina la upepo wa moto wa jangwa la Libya. Ukilifuata neno hilo hadi kwenye Kiarabu, unakuta shina lilelile la kibla yetu. Kwa hivyo si jina geni vile linavyosikika.

5. Spirited Away (2001)

Ndiyo, ya tano. Wekeni mawe chini. Ilishinda Dubu wa Dhahabu kule Berlin mwaka 2002 na Oscar mwaka 2003, na ilistahili zote mbili. Chihiro anatafuta kazi kwenye bafu la mizimu, na bosi wake Yubaba anamnyang'anya jina. Yeyote aliyewahi kuwa namba tu kazini anaelewa bila kufafanuliwa. Lakini Chihiro ana pa kutokea: handaki lipo, na gari la wazazi linangoja ng'ambo. Filamu ninazozipenda zaidi ni za watu ambao hawana gari linalowangoja.

4. Kiki's Delivery Service (1989)

Mchawi wa miaka 13 anahamia mjini peke yake na kuanza kupeleka mizigo kwa ufagio. Ni bodaboda, ila hana rifleksa. Katikati ya filamu anapoteza uwezo wa kupaka angani, na hakuna adui aliyemfanyia hivyo. Amechoka tu. Rafiki yake Ursula, mchoraji, anamweleza kwamba yeye akishindwa kuchora huacha, hutembea, hulala mchana. Sisi tuliolelewa kuamini kwamba asiye na hasoo mbili ni mvivu, tunahitaji kuiona sehemu hiyo mara mbili.

3. Princess Mononoke (1997)

Wengi wanamkumbuka San, msichana aliyelelewa na mbwamwitu. Mimi namkumbuka Bibi Eboshi. Anafyeka msitu ili ayeyushe chuma, lakini ndiye pia aliyewatoa wanawake madanguroni akawapa kazi, na akawapa makao wagonjwa wa ukoma. Katika nchi ya Wangari Maathai tumezoea hadithi yenye pande mbili, mti na mnyakuzi, na kwa Karura hadithi hiyo ilikuwa kweli. Miyazaki anauliza swali gumu zaidi: je, kama anayekata mti ndiye peke yake aliyewahi kukuajiri?

2. Pom Poko (1994)

Hii ni ya Takahata, na ni historia yetu bila wao kujua. Tanuki ni mnyama wa porini wa jamii ya mbwa, uso kama amejipaka wanja, na katika ngano za Kijapani anaweza kujigeuza chochote. Wa filamu hii wanaishi vilima vya Tama, magharibi mwa Tokyo, mahali palipojengwa mji mpya wa kweli. Wakazi wa kwanza walihamia mwaka 1971. Tanuki wanapigana na matingatinga. Wanaandaa gwaride kubwa la mizimu kuwatisha wapangaji, na wapangaji wanafurahia. Kesho yake mwenye bustani ya burudani anadai lilikuwa tangazo lake. Manze, hapo ndipo unacheka huku roho inauma.

Mwishoni, wanaoweza kujigeuza wanavaa suti na kubanana kwenye treni asubuhi. Wengine wanabaki kukwepa magari.

Kati ya Ruiru na Thika palikuwa kahawa na mkonge. Mwaka uleule wa 1994, chuo cha Juja kilichojengwa kwa msaada wa Japani kilifanywa chuo kikuu, JKUAT. Barabara kuu mpya ikazinduliwa mwaka 2012. Tatu City inasimama palipokuwa shamba la kahawa. Ukiitazama Pom Poko kutoka Witeithie, unagundua kwamba sisi si tanuki. Sisi ndio wapangaji.

1. Whisper of the Heart (1995)

Mwaka mmoja baadaye, Ghibli ilirudi vilima vilevile vya Tama, safari hii kwa mtoto wa wapangaji. Iliongozwa na Yoshifumi Kondo, kwa hati ya Miyazaki. Ndiyo filamu ndefu pekee aliyoiongoza. Alifariki mwaka 1998.

Shizuku ana miaka 14. Anaishi kwenye ghorofa iliyojaa vitabu na vyombo, chumba kimoja na dadake, na anatafsiri wimbo wa John Denver, Take Me Home, Country Roads, ambao pia ulitoka mwaka 1971. Tatizo ni kwamba hana kijiji cha kurudia. Kwa mzaha anaandika toleo jingine, la barabara ya saruji. Baadaye anaandika maneno ya dhati, na ndani yake barabara ya nyumbani ipo, lakini mwimbaji harudi.

Huku kwetu ukisema kwenu ni Witeithie, utaulizwa tena: hapana, ushago ni wapi? Hata jina lenyewe, Kikuyu cha kujisaidia, linasikika kama mahali pa kupitia tu ukijipanga. Kondo hakubaliani. Anachora nguo zilizoanikwa, ngazi, maktaba, taa za mji usiku, kwa uangalifu uleule ambao Miyazaki huwapa miungu ya msitu.

Ng'endo Mukii tayari ametuchorea Enkai, katika Kizazi Moto (2023). Sasa namngoja atakayetuchorea kamba za nguo za ploti.