Msomaji wa Majembe

Jembe la mama yangu limebaki na upana wa kiganja. Lilipotoka kwa Fundi lilikuwa pana kama sahani ya wali, nami nilikuwa bado shule ya msingi. Miaka yote hiyo udongo wa Usangi umelilamba msimu baada ya msimu, na kona yake ya kushoto imeliwa zaidi ya ile ya kulia. Mnunuzi wa vyuma chakavu angelipima kwa kilo. Fundi angeligeuza kwenye mwanga, angepitisha dole gumba kwenye makali, kisha angesema: "Huyu analima akipandisha mlima, na udongo anauvutia upande wa kushoto." Na mama ndivyo anavyolima.

Sote tulimwita Fundi, ingawa pale kwetu, juu ya milima ya Upare wa Kaskazini, mafundi walikuwa wengi: fundi cherehani, fundi baiskeli, fundi redio, fundi wa kuezeka. Hao walihitaji neno la pili ili wajulikane. Mhunzi wetu hakulihitaji. Jina alilopewa na wazazi wake mimi nililisikia kwa mara ya kwanza siku ya maziko yake, na niliona wengi wakigeukiana, kana kwamba anazikwa mtu mwingine.

Kiwanda chake kilikuwa banda la mabati chini ya mfenesi, lisilo na ukuta upande wa barabara. Ndani palikuwa na tanuri la udongo lenye kimo cha goti, nusu pipa la oili chafu ya magari, ndoo ya maji, koleo za marefu mbalimbali zilizoning'inizwa kwenye waya, na fuawe. Fuawe lenyewe lilikuwa kipande cha reli kilichozikwa nusu kwenye gogo, alichokirithi kwa baba yake. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911 ikipita tambarare chini ya milima yetu, na tangu hapo wahunzi wengi wa upande huu wameacha kufulia juu ya jiwe.

Mteja alipofika, Fundi hakuukimbilia moto. Alipokea shikamoo, akapokea jembe, akakaa nalo kwenye kigoda. Alilitazama muda mrefu kiasi cha kumfanya mgeni aanze kukohoa. Kisha maswali mawili, siku zote yale yale: shamba liko wapi, na nani mwingine analishika jembe hili? Kwa la kwanza alitaka kujua udongo. Shamba la mlimani lina udongo mwekundu unaonata na mteremko mkali. Huko jembe linataka kufumbwa kidogo, makali yaelekee miguuni kwa mlimaji, la sivyo kila pigo litateleza. Shamba la tambarare ya Kisangara ni kavu na lina mawe. Huko bapa nene na fupi ndilo linalodumu. Na aliyekwenda kusafisha mfereji au kutoa tope kwenye ndiva, yale mabwawa ya asili tunayohifadhia maji ya kumwagilia, alitengenezewa jembe jembamba lenye mabega manene, kwa sababu tope huvuta jembe kwa nguvu kuliko udongo mkavu.

Kwa swali la pili alitaka kujua mwili. Kama jembe linashikwa na mama na binti yake wa miaka kumi na miwili, lazima mmoja wao anaumia. Namkumbuka jirani yetu mmoja aliyelalamika kwamba jembe lake limekuwa butu. Fundi alilitazama, akaona makali ni mazuri, lakini uchakavu wote umehamia ncha ya kulia. Akamuuliza: "Bega lako la kushoto lina nini?" Jirani alikuwa ameanguka kutoka mtini miezi mitatu kabla na hakumwambia mtu. Fundi hakuyagusa makali. Alipasha moto shingo ya jembe tu, akaipinda kidogo, kiasi ambacho mimi sikukiona kwa macho, na yule bwana akaondoka nalo akilipima hewani barabara nzima.

Ufundi wake ulianzia hapo, kwenye kusoma. Chuma kilicholiwa kwake kilikuwa barua: kinaeleza mkono, udongo, kimo, hata maradhi. Nyundo ilikuja baadaye, kama jibu.

Lakini jibu nalo lilikuwa na adabu yake. Nilijifunza kuiona nilipokuwa mzungusha feni. Mivukuto ya ngozi ya mbuzi alikuwa ameiacha zamani. Badala yake aliweka rimu ya baiskeli yenye mpini, mkanda wa mpira, na feni ndogo iliyosukuma upepo kwenye bomba hadi chini ya mkaa. Kazi yangu ya likizo ilikuwa kuizungusha rimu ile, na malipo yalikuwa muwa.

Siku akitengeneza mundu, alianza na kipande cha springi ya lori. Nondo aliikataa kwa kazi ya makali. Nondo ina kaboni kidogo, kama robo ya asilimia hivi au pungufu, na hata uizamishe ikiwa moto mara ngapi haishiki ugumu. Springi ina zaidi ya mara mbili ya hapo. Fundi hakuzijua asilimia hizo, alijua mlio. Alikiangusha kipande juu ya fuawe akasikiliza, kisha akakisugua kwenye jiwe la kunolea linalozunguka na kutazama cheche: za nondo ni ndefu na zimenyooka, za springi hupasuka mwishoni kama maua.

Chuma kiliingia motoni kikatoka chekundu, kisha cha rangi ya chungwa, ndipo alipopiga. Mapigo matatu juu ya chuma, moja jepesi juu ya fuawe tupu. Hilo la nne nililidhani ni mbwembwe. Kumbe ndipo mkono ulipopumzika na jicho likaamua pigo lijalo litue wapi. Chuma kikirudi kwenye wekundu wa kufifia, aliacha hata kama pigo moja tu lingemaliza kazi. Kukipiga kikiwa kimepoa ni kukiachia ufa usioonekana, na ufa huo utajitokeza shambani, mkononi mwa mtu.

Umbo likikamilika, ilikuja sehemu iliyotunyamazisha sote. Kuna joto ambalo springi ikilifikia, ukiizamisha inakuwa ngumu. Chini yake unapoteza muda, juu yake sana unaharibu. Fundi alilitafuta kwa sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu na kuifunga kwenye waya mrefu. Chuma cha baridi huvutwa na sumaku. Kikifika nyuzi 770 hivi za Selsiasi, mvuto hupotea ghafla. Aliigusisha, ikanasa, akarudisha motoni. Akaigusisha tena, ikanasa kwa uvivu. Mara ya tatu sumaku ilining'inia tu kama inagusa ukuni. Alisubiri pumzi mbili zaidi, kisha mundu ukaingia kwenye oili kwa makali, wima, bila kutikiswa. Oili si maji. Inapoza polepole zaidi, na springi iliyozamishwa majini mara nyingi hupasuka kwa mshtuko.

Mundu uliotoka hapo ni mgumu kama chupa, na kama chupa utavunjika. Kwa hiyo aliung'arisha kwa jiwe mpaka chuma cheupe kikaonekana, akaulaza mgongo wake juu ya mkaa uliofifia, akanizuia nisizungushe feni. Hapo rangi zilianza kutembea. Kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali ulikuja kwanza umanjano wa majani makavu, nyuma yake hudhurungi, kisha zambarau, kisha buluu ya mbali kama milima ikitazamwa kutoka Ziwa Jipe. Umanjano ni nyuzi 220 au 230, buluu ni karibu 300. Kila rangi ni mapatano kati ya ugumu na ustahimilivu: patasi ya mchonga mawe aliisimamisha kwenye umanjano, mundu kwenye hudhurungi inayoingia zambarau, jembe aliliacha lifike buluu kwa kuwa linakutana na mawe. Rangi iliyotakiwa ilipogusa makali, alizamisha majini mara moja, na hapo ndipo sote tulipoanza kuongea tena.

Siku moja nilimharibia. Alikwenda kumsalimu mgeni barabarani, akaniachia mundu motoni akisema nizungushe polepole. Nilikuwa na miaka kumi na moja na nilitaka kuona chuma cheupe. Nilikiona. Kilianza kurusha cheche zenyewe, kama fataki, nami nikafurahi mpaka nilipoona uso wake. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alikitoa, akakiacha kipoe, akakibana kwenye jiliwa na kukipiga kwa nyundo. Kikakatika kama muhogo mkavu. Akanipa vile vipande viwili nitazame ndani: punje kubwa zinazong'aa, kama sukari. Kisha akavunja mundu mwingine mbovu, ambao haukuungua, akanionyesha: kijivu laini kama majivu yaliyochekechwa. "Hiki kimeungua," alisema. "Hakirudi." Alivitundika vipande vyangu kwenye waya pamoja na koleo, na miaka yote niliyokwenda pale vilikuwepo. Sikuona kama ni adhabu. Kila kijana aliyekuja baada yangu alionyeshwa vipande hivyo kabla ya kuruhusiwa kugusa feni.

Fundi alikuwa Mshana, wa ukoo wa Washana, na kwetu hilo lina uzito. Katika historia ya Ugweno, huko huko Upare wa Kaskazini, kama alivyoieleza Profesa Isaria Kimambo katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu Wapare, Washana ndio waliokuwa wahunzi na ndio waliotawala kabla ya Wasuya kuwapindua. Chuma hakikutoka dukani. Baada ya mvua, mchanga mweusi mzito wa chuma uliachwa na maji kwenye vijito. Ukakusanywa, ukasafishwa, ukayeyushwa kwa mkaa. Majembe na mikuki ya Upare ilivuka tambarare hadi kwa Wachaga, ambao walikuwa na ndizi na mifugo lakini wakihitaji chuma. Vyuma vya kutoka ng'ambo vilipojaa masokoni, kuyeyusha kukafa kwanza. Kufua kukabaki, kukijilisha kwa mabaki ya reli na magari. Watu wazima bado walimwogopa Fundi kidogo, maana kiapo cha mhunzi hakikuwa jambo la mchezo huko nyuma. Yeye hadithi hizo alizisikiliza akitabasamu na kuomba aletewe mkaa wa mgunga.

Majembe ya kiwandani yalipokuwa rahisi, tulidhani atakasirika. Alifanya jambo ambalo hatukulitarajia: aliyasifu. Chuma cha jembe la kiwandani ni kizuri, alisema, tatizo ni kwamba limetengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye hayupo. Watu wakazoea kununua jembe dukani na kupitia kwake kabla ya kwenda shambani, ili, kwa maneno yake, alifundishe shamba. Alilipasha moto, akalifumba au kulifumbua, akapunguza kona, akasugua tundu mpaka mpini ukae bila kabari. Bei ilikuwa ndogo kuliko nauli ya kwenda mjini Mwanga. Miaka hiyo banda lilijaa kuliko wakati mwingine wowote.

Miaka yake ya mwisho macho yalififia. Mtu anayefanya kazi kwa rangi akipoteza macho, mngedhani amemaliza. Yeye alimweka mjukuu wake, binti wa darasa la sita, kwenye kigoda kando ya tanuri, awe anataja: "Majani makavu, babu... sasa kahawia... inaingia zambarau." Naye akazamisha. Na majembe yaliyoletwa aliyasoma kwa dole gumba peke yake, akayasoma vizuri kuliko zamani, maana dole halidanganywi na kutu. Alifariki wakati wa mvua za masika, siku ambazo kila mtu yuko shambani, na habari ilitufikia tukiwa na kazi yake mikononi.

Wanawe wamefungua karakana ya kuchomelea mageti na madirisha. Ni mafundi wazuri, na mageti yao hayalegei. Mwaka jana nilipeleka jembe la mama kwa fundi mmoja wa kuchomelea mjini, nikitaka aliongezee bapa. Alikuwa mwepesi na mwenye heshima. Aliuliza: "Niongeze inchi ngapi?" Nikasimama pale nikitafuta jibu. Inchi sikuzijua. Nilichojua ni kwamba shamba liko juu ya mteremko, na kwamba mlimaji sasa ana miaka sabini na nane na goti moja halikunji. Nikamshukuru, nikarudi nalo.

Mama alicheka nilipomsimulia. Akaniambia kwamba Fundi alikwisha kulipangia jembe lile maisha yake siku alipomkabidhi: likichoka kulima litapalilia, likichoka kupalilia alirudishe, atalifanya kisu cha kukatia majani ya ng'ombe. Kwa hiyo sasa linapalilia maharage, na kwa kazi hiyo upana wa kiganja unatosha kabisa. Analinoa kidogo tu, kwa jiwe la mtoni, asije akalimaliza haraka. Jioni analiegemeza ukutani, nami nikienda kumsalimu huliokota na kulitazama kona zake kwenye mwanga. Mara ya mwisho, kona ya kulia ilikuwa imeanza kuliwa kuifikia ile ya kushoto. Niliingia ndani, nikamuuliza mama goti linaendeleaje.