Mahameli Isiyo na Fundo

Pitisha kiganja juu ya kitambaa cha Wakuba: utagusa manyoya mafupi, laini kama mahameli, yenye kimo cha milimita mbili tatu. Hayakufungwa kwa fundo wala kubandikwa kwa gundi. Yanabanwa na kitambaa chenyewe, na hapo ndipo ulipo ufundi.

Wakuba wanaishi kati ya mito Kasai na Sankuru, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kazi huanza kwa wanaume. Jani changa la muwale huchunwa, kisha hupasuliwa kuwa nyuzi nyembamba. Nyuzi hizo hazisokotwi, hivyo urefu wa jani ndio unaoamua ukubwa wa kitambaa. Kipande kimoja mara nyingi hakizidi mita moja kwa urefu. Mfumi hutanda mtande, yaani nyuzi za wima, kwenye kitanda cha kufumia kilichoinama, hupitisha mshindio, yaani uzi wa kukingama, na kuugonga hadi nyuzi zibanane. Kitambaa kikitoka hapo ni kigumu, hivyo hutwangwa kinuni kilainike.

Ndipo kinapofika kwa mwanamke. Anatunga sindano kwa uzi wa muwale uliofikichwa ukalainika, anaupitisha chini ya uzi mmoja tu wa kitambaa, anauvuta mpaka incha ibaki fupi kabisa, kisha anakata upande wa pili kwa kisu kidogo, kimo kilekile. Anazichambua incha zote mbili kwa makali ya kisu zisimame. Halafu anarudia, mara maelfu. Kipande kimoja huweza kumchukua miezi.

Mfumi akilegeza mshindio, manyoya yatachomoka. Akikaza kupita kiasi, sindano haipiti. Kumsifu mtarizi peke yake, kama wafanyavyo wengi, ni kumdhulumu mfumi.

Ruwaza haichorwi kwanza. Mtarizi anayo kichwani: hushona mistari ya mipaka, kisha hujaza manyoya katikati. Mwaka 1971 mwanahisabati Donald Crowe alionyesha kwamba sanaa ya Wakuba ina namna 12 kati ya 17 zinazowezekana za kurudiarudia umbo juu ya uso bapa. Hata hivyo, kinachonivutia zaidi ni pale ambapo ruwaza inakatika ghafla na nyingine kuanza, bila mtarizi kujaribu kuuficha mpaka. Mchoraji Henri Matisse alitundika vitambaa hivi ukutani kwake, na nadhani alikuwa akiitazama mikatiko hiyo.

Ukipata kipande halisi, kigeuze. Kwa kuwa sindano haikutokeza nyuma, upande huo utakuonyesha ufumaji mtupu, na utaweza kupima mwenyewe jinsi nyuzi zilivyobanana.