Kosa la Salaam ni pale maji yanapolipiwa

Katika gemu la Salaam, mkimbiaji akiishiwa nguvu, mchezaji anatoa pesa halisi kununua chakula, maji au dawa, na pesa hiyo imekusudiwa iwafikie wakimbizi wa kweli kupitia mashirika. Hapo ndipo mbunifu wa Salaam, Lual Mayen, alipokosea. Nia ni njema, lakini muundo unamuumiza mara mbili: mfukoni na kwenye sanaa yake.

Sisi wa Ngara kambi tunaijua. Mwisho wa Aprili 1994 zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benaco ikawa mji. Aliyeishi jirani na kambi ile, au baadaye na ile ya Lukole, anajua njaa ya kambini inavyokwenda. Ni kadi, foleni na kungoja siku ya mgao. Ni kupima mahindi yafike mgao ujao, na kuamua uuze kiasi gani upate chumvi. Gemu lenyewe liko hapo, katika kupima na kuamua, wala halihitaji hata senti ya mchezaji.

Mayen, aliyekulia kambini kaskazini mwa Uganda, analijua hili kuliko mbunifu yeyote wa Marekani. Lakini akaenda kuchukua kizuizi kilekile kilichoenezwa na Candy Crush, ambacho nimekipinga tangu siku ya kwanza: umeishiwa, lipa uendelee. Mwenye pesa analipa na mbio zinaendelea. Kukosa, jambo ambalo Salaam ilitaka tulihisi, kunafutwa kwa kubonyeza mara moja, na mchezaji anaacha kuwa mkimbizi anakuwa mfadhili.

Sasa hesabu. Maduka ya Google na Apple yamekuwa yakikata hadi 30%. Kinachobaki kikienda kwenye msaada, mchoraji na mtunga muziki watalipwa na nini? Na kuna tatizo la kadi za benki: kijana wa Rulenge au Nyakanazi analipa kwa M-Pesa. Duka linalotaka kadi limemfungia mlango.

Njia nyingine ipo. Mbunifu wa magemu Eric Barone alitengeneza Stardew Valley peke yake kwa miaka zaidi ya minne huku akifanya kibarua cha kupokea watazamaji kwenye ukumbi wa maonyesho. Mwaka 2016 akaiuza dola 14.99, mara moja, na ndani hakuna cha kulipia. Hata Nyoka wa Nokia, kazi ya Taneli Armanto ya 1997, hakumdai mtu shilingi katikati ya mchezo.

Mbio za Salaam zenyewe zinashika, na tuzo aliyopewa 2018 Mayen aliistahili, kwa kazi iliyoanzia kwenye kompyuta ambayo mama yake aliiwekea akiba ya dola 300 kwa miaka mitatu.

Basi Salaam iwe na bei moja, inayolipika kwa simu, na fungu la msaada litoke kwenye bei hiyo. Ndani, mgao uje kwa siku yake, mchezaji apende asipende. Walioko kambini wapewe bure kwa Bluetooth, kama Mayen mwenyewe alivyoisambaza mwanzoni.