Mafahali wa Mawe wa Guisando

Wasomaji wetu wakitajiwa sanamu za mawe za zamani, hufikiri upesi kazi za Wayunani na Warumi: viungo laini, mikunjo ya nguo, nyuso zilizo kama hai. Leo twataka kuwaonyesha kazi ya namna nyingine. Wengi wameiita duni, nasi twaona kwamba wameihukumu kabla ya kuitazama vema.

Katika Hispania, sehemu za kati zielekeazo magharibi, na katika pembe ya kaskazini mashariki ya Ureno, walikaa watu wafugaji kabla Warumi hawajaitawala nchi ile. Mashuhuri miongoni mwao waliitwa Wavetoni. Watu hao walichonga wanyama wa mawe, hasa mafahali na nguruwe dume, nazo sanamu zijulikanazo hata sasa zapata 400. Wahispania huziita verracos, yaani nguruwe dume wa mbegu. Zenye sifa kuliko zote ni nne, zilizosimama safu moja mahali paitwapo Guisando, karibu na El Tiemblo katika jimbo la Ávila. Zote nne ni mafahali, na kila mmoja urefu wake wapita meta 2 na nusu.

Wenye kulaumu husema: miguu haikutengwa vizuri, uso hauna habari, mwili ni kama gogo. Hayo ni kweli, wala hatuyakani. Lakini na tuulize kwanza jiwe lenyewe ni jiwe gani. Ni matale, jiwe gumu lenye chembe kubwa, lisilokubali mistari myembamba. Mnyama na kitako chake wamechongwa katika jiwe moja, na miguu ikichongwa myembamba haitaweza kuchukua uzito wa mwili. Basi fundi aliacha alichopaswa kuacha, akashika kilicho kikubwa: mgongo mnyofu, shingo nene yenye mikunjo, kifua kizito, na alama za udume zilizo wazi. Kichwani mwa baadhi ya mafahali mna matundu ya kupachikia pembe. Mtu aliyechunga ng'ombe tangu utoto atamjua fahali huyu kwa umbo lake tu, akiwa mbali, kama amjuavyo fahali wa kwao jioni kabla hajaona rangi yake. Huo si upungufu wa ustadi. Ni ustadi wa kujua la kuacha.

Zilikuwa za kazi gani? Baadhi zimeonekana karibu na malango ya miji yenye boma, kama mji wa Las Cogotas, ndiyo maana wengine husema ziliwekwa kulinda watu na mifugo. Nyingine zimeonekana mabondeni, karibu na maji na majani mazuri, mahali pa kuonekana kwa mbali. Wataalamu wa siku hizi wamefikiri kwamba hizo zilikuwa alama za malisho, za kumwambia mpitaji kwamba majani haya yana wenyewe. Tena wakati wa Warumi baadhi zilitiwa maandiko ya makaburi. Fahali mmoja wa Guisando ana maneno ya Kilatini ubavuni, yasemayo kwamba Longinus alimfanyizia baba yake Priscus ukumbusho.

Hapa ndipo twapata shauri letu kubwa. Sanamu iliyochongwa ili ionekane ng'ambo ya bonde haiwezi kuhukumiwa kwa haki na mtu aliyeikaribia hatua mbili. Lakini nyingi zimeondolewa kwao. Katika mji wa Ávila kadhaa zimewekwa milangoni na nyuani mwa majumba ya wakuu, kama mapambo. Huko Salamanca yuko fahali wa darajani, ambaye kitabu cha Lazarillo de Tormes, kilichopigwa chapa mwaka 1554, chasimulia jinsi kipofu alivyomgongesha kichwa kijana wake kwenye jiwe lake. Katika karne ya 19 fahali huyo alitupwa mtoni, kisha akatolewa. Leo yuko tena penye daraja, hana kichwa. Watu humcheka au humhurumia, lakini ni wachache wamwonao kuwa kazi ya fundi.

Mafahali wa Guisando wamepata bahati njema zaidi. Mwaka 1468 Mfalme Enrique wa Nne na dada yake Isabel walipatana mahali pale, naye Isabel akakubaliwa kuwa mrithi wa ufalme, hata jina la mahali likaingia katika historia. Lakini twaona heshima yao kubwa si hiyo. Ni kwamba wako bado penye majani, chini ya mlima, na mtazamaji aweza kurudi nyuma hatua 50 na kuwaona kama walivyokusudiwa kuonekana.

Wako wasemao kwamba sanamu kama hizi zote ziingizwe katika nyumba za makumbusho, maana mvua na baridi hula mawe. Hofu yao ina haki, na zilizovunjika zafaa kutunzwa hivyo. Lakini iliyo nzima na iachwe malishoni, na iliyokwisha kuhamishwa iandikiwe wazi ilitoka bonde gani, kama lajulikana. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Fahali wa jiwe akiondolewa penye majani aliyoyalinda, uzito wake wabaki, lakini neno alilowekwa kulisema halisikiki tena.