Kamusi ya ordi haijui kulima

Mwaka jana niliandika karatasi ya kurasa mbili kwa wakulima wa muhogo, kandokando ya Lubumbashi. Niliandika Kiswahili chetu, juu wengi wao hawasomi Kifaransa. Ilikuwa saa sita ya usiku, courant inataka kukatika, na Word ilikuwa imejaza mistari myekundu kila mahali: ordi ilidhani ninaandika Kifaransa. Nikabonyeza "badilisha yote" mara kadhaa bila kuangalia. Kesho yake tukapiga fotokopi 100.

Mama mmoja njo aliniuliza mbele ya wote: "Mutoto yangu, hii tombe tunavuna njo kitu gani?" Mimi niliandika sombe. Ordi iliweka tombe. Mwalimu wa primeri aliyekaa karibu akamwambia kwamba kwa Kifaransa ni kaburi. Wengine walicheka, yule mama hakucheka. Karatasi zote zikarudi, na franga za fotokopi mpya zilitoka mfukoni mwangu.

Kosa ni langu, nakubali. Lakini tangu ile siku nilitaka kujua ordi inaweka maneno namna gani.

Kamusi kuu ya Word imefungwa, huwezi kuisoma. Ila LibreOffice na Firefox zinatumia Hunspell, programu ya bure iliyotengenezwa na László Németh wa Hungaria, na faili zake zinafunguka kama barua ya kawaida. Ziko mbili. Ya kwanza inaishia na .dic: juu kabisa kuna namba inayokadiria wingi wa maneno, halafu neno moja kila mstari. Maneno mengine yanafuatwa na mkwaju na herufi, mfano champ/A. Faili ya pili inaishia na .aff, na inaeleza ile A ni nini: SFX A 0 s . Maana yake: usikate kitu, ongeza s mwishoni, kwa neno lolote lenye alama hiyo. Basi champs haiandikwi popote, lakini ordi inaijua. Sisi wa agronomia tunaelewa haraka: hawaweki mavuno yote ghalani, wanaweka mbegu na namna ya kupanda.

Mpango ni mzuri. Shida inaanza unapoleta kitenzi chetu. Kifaransa kinabadilisha zaidi mkia wa neno, sisi tunapanga mbele: tu-na-wa-lim-ia. Nilichukua karatasi nikahesabu. Viambishi vya mtenda, pamoja na vile vya ngeli, nilipata 15 vyenye maandishi tofauti. Nyakati nikachukua 6 tu: na, li, ta, me, ki, nge. Mtendwa 13, pamoja na kutokuwa naye, 14. Zidisha: 1260. Hata ukiondoa yale yasiyo na maana, bado ni mamia ya sura za kitenzi kimoja, na hapo sijagusa limia, limisha, limwa, wala "tunayolima".

Kuna watu watasema hapo: unaona, lugha zetu hazifai kwa mashine. Mimi pia nilifikiri vile kwa juma moja hivi. Si kweli. Ukiandika PFX B 0 tunawa . mara moja ndani ya .aff, inatumika kwa kila kitenzi chenye alama B. Ile mistari mamia unaiandika mara moja tu, si kwa kila neno. Hata "hatulimi" ina njia yake: mbele inaingia hatu, nyuma a inageuka i, na Hunspell iko na amri inayoitwa CIRCUMFIX ya kufunga hivyo viwili pamoja. Usipofunga, kamusi itakubali "hatulima" na "tulimi" bila aibu. Kwa hiyo chombo kipo. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa chini na kuandika kanuni, na huyo hawezi kuwa fundi wa ordi peke yake, anahitaji mtu aliyesoma sarufi ya Kiswahili. Hao tunao, wanatafuta kazi.

Ninacholaumu sana ni kile kitufe cha "ongeza kwenye kamusi". Tunakibonyeza tukidhani tumefundisha ordi. Katika Word, neno linaingia faili inayoitwa CUSTOM.DIC, orodha tupu, neno moja kila mstari, hakuna kanuni. Kwa bukari inatosha, juu bukari haibadiliki. Lakini ongeza palilia, kisha andika "tutapalilia": nyekundu. "Wamepalilia": nyekundu. Utabonyeza mpaka uzee.

Halafu kuna hili la jina. Kiswahili katika orodha ya kamusi za LibreOffice kina faili moja, sw_TZ. TZ ni Tanzania. Sina ugomvi na Watanzania, wao angalau walipata ya kwao, na ninaitumia. Ile nyekundu ilipungua sana. Lakini kule majani ya muhogo ni kisamvu. Nikiandika kisamvu kwenye karatasi ya wakulima wangu, yule mama ataniuliza swali lilelile.

Sasa nina faili yangu. Jina nimeipa sw_CD, ni ya mchezo bado, ina maneno ya shamba tu na kanuni za vitenzi nilizoandika usiku wakati courant iko. Nimekwama kwenye kula: tunakula inabaki na ku, na kanuni yangu inatoa "tunala". Mstari wa juu kabisa unasema 214. Wa pili ni sombe.