Miezi Saba Baada ya Kidato cha Nne

Mwanafunzi wa Shinyanga au Geita anayemaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba hana shule mpaka Julai, kidato cha tano kinapoanza. Ni miezi saba hivi. UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, haimhusu tena, maana ni ya walioko shuleni. Na ukanda huu hauchelewi kumpangia kijana shughuli: mvulana anashuka kwenye maduara ya dhahabu au anabeba viroba vya mawe kwenda kwenye karasha, na msichana wanaanza kumhesabia ng'ombe. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2010 ulionyesha kuwa Shinyanga, kati ya kila wanawake 100 wa umri wa miaka 20 hadi 24, 59 waliolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Ninachodai hapa ni kwamba miezi hiyohiyo ndiyo msimu wenye thamani kuliko yote kwa mkimbiaji anayetaka mbio zimlipie chuo, na kwamba medali ya shule, pamoja na heshima yake, peke yake haimfikishi huko.

Wamarekani, ambao vyuo vyao ndivyo vinavyotoa ufadhili wa aina hii kwa wingi, wanalijua jambo hili vizuri katika mieleka. Majira ya baridi wanafunzi wao wa sekondari hushindana kwa mtindo wa shule, unaotoa alama kwa kumdhibiti mpinzani chini. Msimu ukiisha, wenye nia huhamia mitindo ya Olimpiki, ule huru na ule wa Kigiriki-Kirumi, ambako hata kumsukuma mpinzani nje ya duara kuna alama. Julai hukutana Fargo, Dakota Kaskazini, na makocha wa vyuo huwa wamekaa wanaangalia. Bingwa wa jimbo dogo, ambaye nyumbani hakuwa na wa kumtingisha, hapo anawekwa kwenye mizani moja na wa majimbo makubwa. Kocha anataka kujua kitu kimoja tu: huyu nikimlinganisha na wengine, yuko wapi?

Kwenye riadha mizani hiyo ni muda, na hapo ndipo mbio zetu za shule zinapotuangusha. Chukua uwanja uliochorwa kwa chokaa kuzunguka goli mbili za mpira. Mwalimu akikosea nusu kipenyo ya kona kwa mita moja tu, kila mzunguko unaongezeka au unapungua mita 6.28. Katika mita 3,000, ambazo ni mizunguko saba na nusu, kosa hilo linafika mita 47. Kwa msichana anayekimbia dakika 9 na nusu, hizo ni sekunde 9 hivi, tofauti inayotosha kumtoa kwenye orodha ya kocha au kumwingiza asikostahili. Kwenye mbio fupi kuna tatizo la saa. Mkono wa binadamu huchelewa kuianzisha, ndiyo maana muda wa mita 100 uliopimwa kwa mkono huongezewa sekunde 0.24 kabla ya kulinganishwa na wa kielektroniki. Kocha aliye Texas akipokea muda wa namna hii hana namna ya kuuhakiki, na asichoweza kuhakiki hakitolei fedha. Mbio zenye uwanja uliopimwa, waamuzi wanaotambuliwa na matokeo yanayoingia kwenye kumbukumbu za shirikisho la riadha huzaa muda unaosomeka kokote. Mbio hizo zipo, ila nyingi ziko nje ya kalenda ya shule.

Njia hii iliwahi kupitwa, na aliyeipita vizuri kuliko wote ni mtu wa Kanda ya Ziwa. Suleiman Nyambui alizaliwa Majita, Musoma, mwaka 1953. Akiwa Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, alitwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani wa mita 10,000 mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, na ubingwa wa mbio za nyika mwaka 1980. Mwaka huohuo, Moscow, alipata medali ya fedha ya Olimpiki katika mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia kwa chini ya sekunde moja. Gidamis Shahanga naye alifika El Paso akiwa tayari bingwa wa marathoni wa Jumuiya ya Madola, taji alilolitwaa Edmonton mwaka 1978. Angalia mpangilio wa Shahanga: kwanza jina la kimataifa, kisha chuo.

Watakaonipinga watasema wakimbiaji wa Tanzania hutoka nyanda za juu, Mbulu, Hanang na Singida, na kwamba Shinyanga iko chini mno. Majita iko kando ya Ziwa Viktoria, mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari, na El Paso kwenyewe hakupishani sana na hapo. Mwinuko unasaidia, sikatai, ila si sharti la kuingia chuo. Pingamizi zito zaidi ni la umri: Nyambui alikuwa na miaka 26 alipotwaa taji lake la kwanza la vyuo, Shahanga naye hakutoka darasani moja kwa moja. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kuharakisha. Baadaye NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, ilibana: mwanariadha anayekaa muda mrefu baada ya sekondari huku akishindana hukatwa misimu yake ya chuo. Walichokifanya wao wakiwa wameshakua watu wazima, binti wa Kahama anatakiwa akifanye akiwa na 18 au 19.

Wazazi watauliza masomo je. Februari na Machi mtahiniwa hana kitabu cha kufungua, matokeo yenyewe yameshatoka. Lakini mbio hazifuti cheti kibovu, kwani NCAA hukagua masomo kabla ya miguu, na mwenye sifuri asidanganywe na wakala yeyote. Kwa wasichana hesabu ya nafasi za ufadhili ilikuwa nzuri zaidi. Hadi mageuzi ya 2025, timu ya riadha ya daraja la kwanza iliruhusiwa ufadhili 18 kwa wanawake na 12.6 kwa wanaume, kwa kuwa mpira wa Kimarekani ulimeza nafasi 85 za wanaume na sheria ya usawa ya 1972 ikataka fidia. Viwango vimebadilika, sheria ipo palepale.

Imebaki fedha, na ukanda wa dhahabu hauwezi kulia njaa. Tangu marekebisho ya 2017, Sheria ya Madini inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa wajibu kwa jamii na uridhiwe na halmashauri. Mzunguko mmoja wa mita 400 uliopimwa na mtaalamu, saa za kielektroniki, na mashindano mawili kati ya Januari na Juni kwa waliomaliza kidato cha nne, chini ya chama cha riadha cha mkoa, ni maombi madogo ndani ya mpango huo. Maofisa michezo wa Geita, Kahama na Msalala wayaandike, na madiwani wasiyaruke kikao cha kuridhia kitakapoitishwa.