Msitu au Shamba? Tahakiki ya Maneno Tunayotumia Kuuelezea Mwambao wa Rumonge

Katika somo la utungaji, mada mojawapo tunayopenda kuwapa wanafunzi wetu ni maelezo ya mahali. Wale wanaotoka Rumonge, Nyanza-Lac na ukanda mzima wa Imbo huandika juu ya ziwa, mitumbwi, dagaa waliosambazwa juani, na kijani kibichi kinachoandamana na barabara ya kutoka Bujumbura. Mara nyingi lugha yao ni nzuri. Hata hivyo, kuna kifungu kimoja tunachokikuta katika insha nyingi mno: "misitu ya asili ya michikichi". Katika makala haya mafupi tungependa kukihakiki kifungu hicho, kwani kimebeba makosa mawili, na la pili ni zito kuliko la kwanza.

Kosa la kwanza ni la msamiati. Misitu ya asili ipo kweli katika mwambao huo, lakini si ya michikichi. Juu ya vilima vilivyo karibu na mji wa Rumonge kuna hifadhi ya miombo, yaani miti ya jamii ya Brachystegia na Julbernardia, pamoja na mikusu. Kusini zaidi, katika tambarare ya ziwa, upo msitu wa Kigwena, ambao ni mabaki ya msitu mkubwa wa nchi ya chini. Vyanda nako wamebaki sokwe. Mtaalamu wa mimea Jean Lewalle, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1972, aliipanga mimea ya magharibi mwa Burundi kwa ngazi za mwinuko, kuanzia ziwani, kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, hadi safu ya Kongo-Nili inayozidi mita 2,600. Kila ngazi ina miti yake. Mwanafunzi anayeiita michikichi msitu wa asili anaufuta muombo katika maandishi, wakati ambapo mkaa na majembe vinaupunguza ardhini.

Mchikichi asili yake ni Afrika ya Magharibi na ya Kati. Umekuwapo kando ya Tanganyika tangu kabla ya ukoloni, na hata majina yake yametulia: Kiswahili kinasema mchikichi kwa mti, chikichi kwa tunda, na mawese kwa mafuta, Kirundi kinasema ikigazi kwa mti na amamesa kwa mafuta. Lugha isiyokijua kitu haikipi majina mengi namna hiyo.

Je, kifungu hicho kilianzia wapi? Wanafunzi si wa kwanza. Richard Burton alifika Ujiji mwezi Februari 1858, na mwezi Aprili akapanda mtumbwi kuelekea Uvira, akipita mwambao wa Urundi. Katika kitabu chake kilichotoka London mwaka 1860, aliutaja mchikichi kwa jina lake la Kiswahili, jambo tunalomshukuru. Lakini aliuelezea kama mti unaoelekea kuota wenyewe, bila kupandwa. Aliyeko mtumbwini huona majani. Mkono uliopanda hauonekani kutoka majini. Burton alikuwa mpita njia. Mwanafunzi wa Rumonge hana udhuru huo.

Hapa ndipo linapoingia kosa la pili. Tarehe 29 Aprili 1972, vurugu zilianza Rumonge na kusini mwa nchi. Watu wengi waliuawa, kisha yakafuata mauaji makubwa ya Wahutu nchini kote. Maelfu kwa maelfu walivuka kwenda Tanzania, na wengi wakaishia katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Nyuma yao mashamba yao ya michikichi yalibaki yamesimama. Baadhi waligawiwa watu wengine, na mengine yakaingizwa katika miradi ya serikali. Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 ulitamka kwamba kila mkimbizi aweze kurejeshewa mali yake, hasa ardhi, au alipwe fidia. Kuanzia mwaka 2008, wakimbizi zaidi ya 50,000 wa mwaka 1972 walirudi. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Lakini waliorejea Rumonge walikuta ngama ina watu, na baadhi yao walikuwa wamekaa hapo kwa nia njema miaka zaidi ya 30.

Katika kesi za namna hiyo, swali la nani alipanda si la mtaalamu wa mimea peke yake. Msitu wa asili hauna mpandaji, na kisicho na mpandaji hakina mdai. Neno moja katika insha halimnyang'anyi mtu shamba, ila humzoeza msomaji kutouliza.

Ni kweli kwamba ndege na wanyama hubeba chikichi, na kwamba michikichi mingine huota bila kupandwa na mtu. Hatusemi basi kila mchikichi una mwenyewe. Tunasema mwandishi aulize kwanza, ndipo achague neno: msitu, pori, kichaka, kiunga au shamba. Kiswahili hakina upungufu hapa. Sisi walimu ndio tumeyaacha maneno hayo yafanane.

Tunapendekeza basi zoezi dogo. Mwanafunzi aende kwa mzee wa kijijini kwake, amwonyeshe miti mitano, aandike jina la kila mmoja kwa Kirundi na kwa Kiswahili, kisha aulize: huu uliota, au ulipandwa? Kama ulipandwa, na nani? Insha itakayotokana na majibu hayo huenda ikawa na makosa ya upatanisho wa kisarufi. Hayo tutayasahihisha kwa furaha.